Jalada Lililorudi Machakos

Ukibahatika kukuta mojawapo ya vitabu vya David Maillu vya mwishoni mwa miaka ya 1970, usikimbilie hadithi. Fungua kwanza ule ukurasa wa mbele ambao husomwa na wakutubi peke yao, wenye jina la kampuni na mji wake. Pale ambapo vitabu vingi vya Kenya huandika Nairobi, na vilivyovitangulia viliandika London, hapa pameandikwa Machakos. Kampuni ni David Maillu Publishers. Miongoni mwa vitabu vyake mna Kadosa, riwaya inayomzunguka mwanamke wa jina hilo, ambamo mwandishi anaziacha ofisi na baa za Nairobi alizozizoea na kuingia kwenye mambo yasiyo ya kawaida. Kwa kipimo changu, katika kazi zake zote hiyo ndiyo iliyosogea karibu zaidi na kile ambacho wauza vitabu wa leo hukiita riwaya ya fumbo la kisaikolojia.

Aliyeiandika alikuwa mchoraji wa ajira kabla ya kuwa mwandishi mwenye jina. Wahakiki wameandika mengi kuhusu maneno ya Maillu, mengi ya hayo kwa hasira. Kuhusu mkono wake wa uchoraji wameandika kidogo mno, na mimi naona huko ndiko kisa kilikoanzia.

Machakos ina historia ya kupitwa. Mwaka 1889 ile Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo hapo, wakati Nairobi ilikuwa bado kinamasi ambako Wamaasai walinywesha ng'ombe. Wazungu walishindwa kulitamka jina la Masaku, mzee na mwaguzi maarufu wa eneo hilo, wakalipinda mpaka likawa Machakos, na kosa hilo limebaki kwenye ramani hadi leo. John Ainsworth alifika mwaka 1892 kusimamia kituo, na kwa miaka kadhaa mambo ya utawala wa bara yakaamuliwa chini ya vilima vya Iveti. Kisha ikaja reli. Syokimau, mwonaji ambaye Wakamba husimulia kwamba aliona nyoka mrefu akitoka upande wa bahari huku akitema moto, hakusema nyoka huyo angepita wapi. Alipita Konza na Athi River, akaiacha Machakos na vilima vyake, akafika Nairobi mwaka 1899. Ainsworth akafungasha makabrasha yake akamfuata.

Penye reli ndipo pakawa na ghala, benki, gazeti na kiwanda cha uchapaji. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kijana wa Ukambani aliyetaka maneno yake yaingie kwenye wino ilibidi apande basi kwenda Nairobi. Hata leo kituo kikuu cha mabasi ya mikoani jijini wenyeji hukiita Machakos tu, kana kwamba mji wenyewe umehamishiwa pale pamoja na abiria wake.

Lakini Ukambani haukusubiri reli ili ujue kuuza kitu kwa sura yake. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishusha pembe za ndovu pwani tangu kabla mmisionari Krapf hajafika kwa mfanyabiashara Kivoi huko Kitui mwaka 1849. Na huko Wamunyu, mashariki ya Machakos, kuna habari ya Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaona wachongaji wa kule wakifanya kazi, akarudi na ujuzi huo nyumbani. Kutokana na mikono yake na ya waliomfuata, Wamunyu ikawa kijiji cha wachonga vinyago, na twiga na askari wa mpingo wakaanza kusafiri kwenda kuuzwa Mombasa, Nairobi na ng'ambo. Wasomi wa sanaa hawajaacha kubishana kama vinyago hivyo ni sanaa au ni bidhaa. Mchongaji wa Wamunyu hakuwahi kuona tofauti. Alijua mnunuzi husimama mbele ya meza kwa muda mfupi sana, na kinyago kisichomvuta katika muda huo kitarudi nyumbani ndani ya gunia.

Maillu alizaliwa mwaka 1939 huko Kilungu, katika milima ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos na leo iko Makueni. Sehemu kubwa ya elimu yake aliitafuta mwenyewe, kwa kujisomea. Alipata kazi ya uchoraji na usanifu wa maandishi katika Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la serikali. Televisheni ya nyakati hizo ilikuwa nyeusi na nyeupe, na kila kichwa cha kipindi kilianzia kwenye mkono wa mtu: kadi, brashi, rula, wino. Kadi hiyo ilikaa mbele ya kamera sekunde chache, kisha ikaondoka. Mtazamaji alikuwa nyumbani kwa jirani mwenye televisheni, au amesimama kwenye ukumbi wa jamii nyuma ya watu ishirini, na runinga yenyewe ilikuwa ikichezacheza kama maji. Herufi nyembamba zilipotea. Katika picha yenye vitu vitano hakikuonekana hata kimoja. Kazi hiyo humfundisha mtu kuuliza swali moja tu: ni kitu gani kimoja kitakachobaki machoni baada ya kadi kuondolewa? Sijui shule bora kuliko hiyo kwa mtu atakayekuja kutengeneza majalada.

Mwaka 1971 Charles Mangua alitoa Son of Woman, na Wakenya wakaonyesha kwamba wako tayari kununua kitabu kisichokuwa kwenye mtaala wa shule, mradi kizungumze kama wanavyozungumza wao wakiwa baa. Mwaka uliofuata Maillu akaanzisha kampuni yake, Comb Books. Husimuliwa kwamba kabla ya kuandika aliwauliza watu wangependa kusoma kuhusu nini, kama mchuuzi anavyouliza mtaa unakula nini kabla ya kuinjika sufuria. Mwaka 1973 vikatoka Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle. Mwaka 1974 After 4.30 na Troubles. Kisha The Kommon Man, Dear Monica, Dear Daughter, No!. Vya mwanzo vilikuwa vidogo, vya kutia mfukoni mwa koti. Kwa muda wa miaka mitatu minne hivi, karani wa Nairobi aliyepanda basi la jioni bila kumwona abiria mmoja akisoma Maillu, basi alikuwa amelala.

Hapa turudi barabarani, maana jalada la kitabu cha aina hii halikutengenezwa kwa ajili ya duka. Dukani kitabu husimama rafuni na kukuonyesha mgongo wake, nawe unasoma jina ukiwa umeinamisha kichwa ubavu kama kuku anayechungulia mwewe. Kando ya River Road, au penye vituo vya mabasi, kitabu hulala chali juu ya gunia au karatasi ya nailoni, kati ya magazeti ya jana na njugu karanga. Mgongo haumfai mtu. Kinachoonekana ni uso wake, na uso huo unashindana na Drum, na lile jarida la picha la African Film lenye yule mpelelezi Lance Spearman na kofia yake, na kuanzia mwaka 1973 unashindana pia na jarida la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lenye vichekesho na hadithi fupi. Mpita njia anakwenda zake. Basi linapiga honi. Jalada lina muda ule ule wa kadi ya televisheni.

Wapo wanaodhani jalada la zamani lilikuwa rahisi kwa sababu lilikuwa na rangi chache. Tazama kazi yenyewe. Kuchapa picha ya rangi zote kulihitaji kuitenganisha picha mara nne, filamu nne, mabamba manne, na fedha ambazo kampuni ndogo haikuwa nazo. Kwa hiyo msanifu alipewa rangi mbili, na mara nyingi moja ya hizo ilikuwa nyeusi. Alichora picha kwa wino mweusi juu ya kadibodi nyeupe. Jina la kitabu aliliandika kwa mkono, au akatumia zile karatasi za herufi za kusugua: unaweka karatasi juu ya kadibodi, unasugua herufi kwa ncha ya kalamu, inashuka na kunata. Herufi A zikiisha kwenye karatasi, unakata V na kuigeuza juu chini kisha unaitilia mstari, au unabadilisha jina la kitabu. Juu ya kadibodi aliweka karatasi inayopenyeza mwanga, akaijaza sehemu zitakazopata rangi ya pili. Vyote vikapelekwa kiwandani, vikapigwa picha kwa kamera kubwa kama kabati, negativu zikachomwa kwenye mabamba, na mabamba yakafungwa kwenye mashine.

Hapo ndipo mchoraji alipopoteza mamlaka. Rangi ya pili isipokaa sawasawa juu ya ile ya kwanza, mdomo mwekundu unahamia shavuni na jicho linatoka kwenye tundu lake. Kwa kitabu cha mapishi hiyo ni hasara. Kwa riwaya ya mtu anayepoteza akili, kosa la mashine laweza kuwa tendo bora kuliko yote ya mchoraji. Nimeshika vitabu vingi vya Kenya vya miaka hiyo ambavyo nyuso zake zinatazama pande mbili kwa sababu mpiga chapa alikuwa na haraka ya kwenda chakula cha mchana, nami nakiri zinanitisha zaidi ya nyingi zinazotengenezwa leo kwa kompyuta.

Aliye mwandishi na mchoraji kwa pamoja ana shida moja ambayo mchoraji wa kukodiwa hana: anajua mwisho. Chukua Unfit for Human Consumption. Kinama, mtumishi wa serikali jijini, mshahara wake unaishia kwa wanawake na pombe, familia iko mashambani inangoja, na mwishowe mtu huyo anajiua. Naomba radhi kwa ambao hawajakisoma. Kuna kishawishi cha kuchora mwisho huo, kwa kuwa ndio wenye nguvu zaidi. Ukiuchora umeuza nyama yote na kubakiza mfupa. Ukichora chupa na mwanamke peke yake, umemwahidi msomaji starehe, naye atakasirika akikuta maiti. Jalada la hadithi ya namna hii linatakiwa limtie mnunuzi wasiwasi ambao yeye mwenyewe hawezi kuueleza mpaka afike kurasa za mwisho, kisha akigeuza kitabu na kulitazama tena aseme: kumbe.

Wakamba wana njia ya kulisema jambo hili. Mtega kitendawili husema, "Kwata ndai," shika kitendawili, na wenzake huitika kwamba wameshika. Waswahili wa pwani husema, "Kitendawili!" na kujibiwa, "Tega!" Asiyejua jibu hutoa mji: nakupa Mombasa, nakupa Lamu, mpaka mtegaji aridhike na kufumbua. Jalada la riwaya ya fumbo ni ile "Kwata ndai" ya kwanza. Mji unaotolewa ni shilingi. Mtegaji anayefumbua kabla hajapewa mji ameharibu mchezo, na anayetega fumbo lisilokuwa na jibu hakaribishwi tena barazani.

Kwingineko duniani watu walilitatua jambo hili kwa rangi kabla ya picha. Mwaka 1929 kampuni ya Mondadori ya Italia ilianza kutoa hadithi za upelelezi zenye majalada ya manjano, na neno la Kiitaliano la manjano, giallo, likawa ndilo jina la aina hiyo ya hadithi hadi leo. Ufaransa ikafuata mwaka 1945 kwa mfululizo wa Gallimard wenye majalada meusi. Penguin wa Uingereza, walipoanza mwaka 1935, walizivika hadithi za uhalifu rangi ya kijani na riwaya nyingine rangi ya chungwa. Na kuna kisa cha Francis Cugat, aliyechora macho na midomo ya mwanamke ikielea kwenye anga la usiku kwa ajili ya The Great Gatsby ya mwaka 1925. Alichora kabla kitabu hakijakamilika, na mwandishi wake, Fitzgerald, akamwandikia mhariri kwamba picha hiyo ameshaiingiza kwenye maandishi. Jalada liliandika sehemu ya riwaya.

Huku kwetu rangi ya chungwa ilikuja na mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann, ulioanzishwa mwaka 1962. Mwanafunzi wa Kenya aliiona rangi hiyo akajua kuna mtihani. Hadithi za upelelezi za Kiswahili nazo zilitoka kwenye shirika la serikali za kikoloni na warithi wake: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla mwaka 1960, akiwa na Bwana Msa na kiko chake, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka 1965. Hivi vilikuwa vitabu vyenye adabu, vilivyoingia madarasani bila kubisha hodi. Vya Maillu havikuwa vya darasani. Hakuwa na bodi ya wahariri wa kumwambia jalada hili litamchukiza mkaguzi wa shule. Alikuwa na muuza magazeti, ambaye jioni alirudisha nakala zilizobaki, na idadi ya nakala zilizorudi ndiyo iliyokuwa uhakiki wake.

Heinemann wenyewe waliliona hilo. Katikati ya miaka ya 1970 wakaanzisha Spear Books jijini Nairobi, ili nao wapate kulala chali juu ya gunia.

Wasomi hawakufurahi. Chris Wanjala wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliishambulia fasihi hii ya barabarani kama takataka, na hakuwa peke yake. Mimi naona Wanjala alikuwa na haki kwa baadhi ya kurasa. Kuna mahali Maillu anahubiri kama mchungaji baada ya kumtembeza msomaji vyumba vyote vya nyumba ya wageni, na mahubiri hayo yana harufu ya hati ya kujilinda mahakamani. Lakini ubishi ule ulikuwa na kasoro: wengi waliovikataa vitabu hivyo walikuwa wamevikatalia penye gunia, kabla ya kuinama kuviokota. Mwaka 1976 Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vya Maillu. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa kabisa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na soko la kusini likawa limepigwa kufuli mara mbili. Comb Books haikuumaliza muongo.

Ndipo jina la Machakos likaingia kwenye ukurasa wa mbele. Kampuni mpya ilibeba jina lake mwenyewe. Ilitoa vijitabu vya kufundisha Kiingereza, vya nukta na tahajia, ambavyo bila shaka ndivyo vilivyolipa kodi ya nyumba. Ilitoa Jese Kristo mwaka 1979, na Hit of Love mwaka 1980, shairi la mapenzi lililoandikwa kwa Kiingereza na Kikamba kwa pamoja. Na ilitoa Kadosa.

Tafakari ugumu wa kuivika Kadosa. Kwa vitabu vya Comb, mnunuzi alijua anachokwenda kukuta: ofisi, mshahara, baa, kitanda, majuto. Jina la Maillu lilikuwa limeshakuwa jalada; ungeweza kuliandika juu ya karatasi tupu na kitabu kikauzika. Sasa kitabu kinataka kumtoa msomaji huyo huyo kwenye uhalisi na kumtia kwenye jambo ambalo akili haina jina lake. Mwanamke ukimchora mrembo tu, mnunuzi atadhani ni After 4.30 nyingine. Ukimchora jini, umeshafumbua. Mchoraji yeyote wa Pwani anaijua shida hii, maana kila mtoto aliyelelewa Mombasa ameambiwa kwamba jini aliyejigeuza mwanamke hana kasoro mpaka utazame miguu. Ukichora kwato umemaliza hadithi. Ukizificha chini ya buibui, utamtambulishaje?

Jibu la wachoraji wazuri, tangu Cugat hadi leo, ni kuondoa kitu. Uso bila mwili. Kivuli kinachoelekea upande usiolingana na mwanga. Mlango ulioachwa wazi kidogo, bila mtu. Macho ya msomaji hujaza yasiyochorwa, na anachokijaza ni hofu yake mwenyewe, ambayo mchoraji hakulazimika kuilipia wino. Wachongaji wa Wamunyu wanaujua ujanja huu kutoka upande mwingine: kinyago kinatoka kwa kuondoa mti, na aliyeondoa kidogo mno ameacha kuni.

Mwaka 1980 Maillu akavuka upande wa pili wa meza. Macmillan ya London ilikuwa imeanzisha mfululizo wa Pacesetters mwaka 1977, vitabu vyembamba vya vijana wa Afrika, na yeye akawapa viwili: For Mbatha and Rabeka, na The Equatorial Assignment, ambamo mpelelezi wake Benni Kamba anapata namba ya siri 009, mbili zaidi ya yule Mwingereza. Pacesetters ilikuwa na sura yake isiyobadilika. Majalada yalikuwa picha za kamera, watu halisi waliopangwa mbele ya lenzi kama wanaoigiza, rangi zote nne. Mtu wa Accra, wa Lagos na wa Machakos alikitambua kitabu hicho kwa mbali hata bila kusoma jina.

Mfululizo huo ulikuwa na mvuto wa kweli, na kizazi kizima cha wasomaji wa Afrika kinayakumbuka majalada hayo kama picha za ndugu zao. Lakini kwa fumbo, picha ya kamera ina ubaya wake. Inamaliza ubishi kuhusu sura ya mtu. Mbatha wa kwenye jalada ana masikio haya na shati hili, na mawazo ya msomaji hayapewi nafasi ya kumtengeneza mwingine. Kwa hadithi ya mapenzi au ya bastola si kitu. Kwa hadithi ambayo mhusika hajijui mwenyewe ni nani, ni kama kuning'iniza picha ya pasipoti mlangoni. Sidhani ni bahati mbaya kwamba mfululizo ule ulisifika kwa mapenzi na upelelezi wa mbio, na si kwa hofu ile inayokaa kifuani kimyakimya.

Siku hizi mwandishi wa Machakos haendi Nairobi kwa ajili ya jalada. Anamtafuta kijana mwenye kompyuta ndogo, wanaelewana bei kwa simu, malipo yanatumwa kwa M-Pesa, na picha inarudi kwa WhatsApp kabla ya jioni. Rangi ni milioni. Herufi A haziishi. Gunia la River Road limegeuka kioo cha simu, na jalada zima linaonekana kwa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kwa hiyo ile sheria ya kadi ya televisheni imerudi na nguvu zake zote: kitu kimoja, kikubwa, cheusi juu ya cheupe. Lililopotea ni kizuizi. Kijana ana picha za bure elfu kumi za mwanamke wa Kizungu aliyeinamisha kichwa msituni penye ukungu, na mojawapo ya hizo huishia kwenye riwaya inayosimulia kiangazi cha Masinga.

Na kuna jalada moja la Maillu ambalo halimo katika orodha yoyote. Vitabu vyake havikuruhusiwa shuleni, na kwa hiyo vilisomwa shuleni. Mwanafunzi wa bweni alikivika kitabu karatasi ya kaki, ile ile waliyovikia vitabu vya masomo, akaikunja pembe kwa ndani, akaipitisha ukucha kwenye mgongo ili ikae. Picha ya mchoraji, rangi zake mbili, herufi alizozisugua moja moja, vyote vikalala gizani chini ya kaki. Kisha akachukua kalamu ya wino, akaandika juu, kwa mwandiko bora aliokuwa nao, jina lake, kidato, na somo: Jiografia.